Bei ya Kukataa

Wifi yangu ni mwoga, na hilo hata mwenyewe halikatai. Anaogopa radi, anaogopa mbwa aliyefungwa mnyororo, anaogopa kuwasha jiko la gesi mpaka mmoja wa watoto asimame karibu yake. Ukimpigia hodi kwa nguvu anaruka. Sasa mwoga wa namna hiyo ndiye aliyekuwa akishika kamba ya kaka yangu kwenye kiwanda cha unga, na kiwanda kizima kilimwita Breki.

Mimi pale nashona midomo ya magunia. Wananiita Sindano kwa ajili ya kazi hiyo, ingawa wapo wanaosema ni kwa ajili ya mdomo wangu. Shauri yao. Kiti changu kipo chini ya kihenge cha tatu, kwa hiyo yote ninayoyasimulia niliyaona kwa macho, sikuhadithiwa.

Vihenge vyenyewe ni minara ya bati, mirefu, imejaa mahindi hadi juu. Chini kuna mtambo unaoyavuta mahindi kuyapeleka kwenye kinu. Yakiwa makavu yanashuka yenyewe bila ugomvi. Lakini bati la juu likivuja, mahindi ya juu yanalowa, yanashikana, yanafanya ukoko kama ule wa kwenye sufuria, ila huu ni mnene kama godoro. Mtambo unavuta ya chini, ukoko unabaki umening'inia, na kinu kinakosa cha kusaga. Hapo ndipo anatakiwa mtu apitie dirisha la juu, kamba kiunoni na mti mrefu mkononi, asimame juu ya ukoko auvunje.

Mtu huyo alikuwa kaka yangu. Walimwita Fuko, kwa yule mnyama anayeishi chini ya udongo. Chini ya ukoko huenda kuna mahindi, na huenda hakuna kitu. Kama hakuna kitu, ukoko unavunjika na wewe mwenyewe, na mahindi yaliyoshikilia pembeni yanakumwagikia. Ukiyaona mahindi utadhani ni ardhi ya kukanyaga. Yanameza mtu mzima kabla hajamaliza kuita. Aliyefanya kazi hiyo kabla ya kaka alitolewa kupitia mlango wa chini, na sitaki kusema zaidi ya hapo.

Kulikuwa na utaratibu wao pale, na sijui aliuanzisha nani. Bei ya kuingia haikutajwa na anayeingia. Ilitajwa na anayeshika kamba. Anayeingia ana madeni yake, ana sifa zake za kiume, ukimwambia hata kidogo ataingia. Anayeshika kamba anabaki nje na roho mkononi, kwa hiyo yeye ndiye aulizwe. Na neno jingine: hakuna aliyesema “sitaki”. Waliosema “sitaki” walikuta asubuhi mlinzi wa getini hawafahamu tena. Kukataa kulipitia kwenye bei. Ukiona hakufai, unataja pesa ya wendawazimu, Meneja anacheka, anaita vibarua wachokoe ukoko kwa miti mirefu kutoka dirishani. Kazi ya miti inachukua siku kadhaa na inamkera, lakini hakuna anayekufa. Kila mtu anatunza heshima yake.

Wifi alikuwa na hesabu zake. Alipanda kwanza yeye, anatetemeka kila kipago cha ngazi, anaingiza kichwa dirishani, ananusa, anasikiliza, halafu anashuka na kukaa kando yangu juu ya magunia.

“Leo ni kazi ya kidole,” ananiambia. Maana yake, mambo yakiharibika leo, kitakachoumia ni kidole. Basi anapiga hesabu ya wiki ambayo kaka atakaa nyumbani na kidole chake: unga, kodi, mafuta ya taa, nauli ya watoto. Hiyo ndiyo bei. Siku nyingine anasema ni kazi ya mguu, na hapo hesabu inakuwa ya miezi.

“Mguu!” Meneja alikuwa akipiga kelele. “Mguu wa Fuko au wa mfalme?”

“Wa Fuko, bosi. Wa mfalme tungekukopesha.”

Watu wanacheka, wanavutana, wanakubaliana. Wifi akishaushika mkono wa Meneja, bei imekwisha, harudi nyuma mtu. Nami nilimpenda kwa hilo. Wengine hupanga bei ya kazi kwa kuangalia tajiri ana kiasi gani mfukoni. Yeye alipanga kwa kuangalia nyumba itakula nini baba akiwa kitandani. Kazi ya mtu mzima, yaani ile ambayo akiingia hatoki, hakuwahi kuipigia hesabu. Kwa kazi hiyo alikuwa na ile bei ya wendawazimu, na mimi na yeye tuliiita bei ya kukataa.

Basi ikaja mvua yenye upepo, ikang'oa bati la kihenge cha tatu. Mahindi yakalowa siku nzima. Jua lilipotoka, malori yalikuwa yamepanga foleni nje yakisubiri unga, madereva wanapiga honi, na kinu kimya. Meneja alikuja mwenyewe mpaka kwenye kiti changu akimtafuta Breki. Hakuwa na kawaida ya kuja.

Wifi akapanda. Nilimtazama kutoka chini akiingiza kichwa dirishani, akakitoa haraka kama aliyechomwa. Alishuka kidevu kinamcheza.

“Wifi, humu hamna kitu,” aliniambia kwa sauti ya chini. “Nimekohoa, nikasikia kikohozi changu kinanirudia. Ni uvungu mtupu. Kaka yako akikanyaga pale tumemzika.”

“Basi taja bei ya kukataa,” nikamwambia. “Unangoja nini?”

Akaenda mbele ya Meneja, akataja. Sitasema ni ngapi. Niseme tu kwamba mimi ningeshona magunia mwaka mzima, nisile wala nisivae, na bado nisingeifikia. Madereva wawili waliokuwa karibu waligeuka kumtazama. Nami nilikuwa nimeshajiandaa kwa kicheko cha Meneja, nikamwona wifi naye ameshaanza kupumua.

Meneja akasema, “Sawa.”

Hakucheka. Hakupepesa jicho. Akatoa bahasha mfukoni, imeshafungwa tayari, maana bei hiyo alishaitajiwa siku za nyuma akaicheka, akaiweka juu ya magunia. “Nusu hii. Nusu akitoka.”

“Sawa nini, bosi?” wifi akauliza.

“Sawa nimekubali. Kwani unataka nikupunguzie?”

Watu wakaangua kicheko, na aliyecheka kuliko wote ni kaka yangu, meno yote nje. Akamkumbatia mkewe mbele za watu. “Mama watoto, umetujengea nyumba! Mwaka mzima hii kwa asubuhi moja!” Akaushika mkono wa Meneja na kuutikisa kwa niaba ya mkewe. Wifi alikuwa amesimama kama mtu aliyeita paka akaja chui. Mimi nilijua anachowaza kwa kuwa nami nilikuwa nakiwaza hichohicho: mtu hutoa pesa ya namna ile, bila kuvutana hata kidogo, pale anapojua jambo ambalo wewe hulijui.

Nilimkimbilia fundi wa mtambo, nikambana kwenye kona. Alitazama huku na huku kabla ya kusema. Mtambo, akasema, haukuzimwa jana. Meneja aliagiza uendelee kuvuta maana malori yanangoja, ukavuta ya chini yote mpaka ukaanza kuvuta hewa. “Amejua tangu alfajiri,” fundi akasema. “Mimi usinitaje, Sindano, nina watoto.”

Nilirudi mbio nikawaambia wote wawili chini ya ngazi. Wifi akashika shati la kaka kwa mikono miwili. “Rudisha bahasha,” akasema. “Baba watoto, rudisha. Nilitaja ili akatae. Unanielewa? Nilikuwa nakataa!”

“Uliitaja wewe, si mimi,” kaka akamjibu, na sasa hakuwa anacheka. “Mkono umeshashikwa. Nikirudisha leo, kesho nani ataniita? Tutakula nini, bahasha ya kurudisha?” Akaanza kujifunga kamba. Vidole vyake vilikuwa vizito, nikajua naye ameogopa, lakini kaka yangu akiogopa ndiyo kwanza anakuwa kichwa kigumu. Tangu utoto yuko hivyo.

Wifi aliona hambadilishi. Akafuta uso, akapanga mambo yake kwa haraka ambayo sikuwahi kuiona kwake. Alimfuata fundi akadai ufunguo wa mtambo, akauvaa shingoni ili mtu asiuwashe kaka akiwa ndani. Akaniambia nipande naye nishike mkia wa kamba. Mimi, ambaye nikisimama juu ya stuli kichwa kinazunguka! Nilipanda nimefumba macho, namwomba Mungu na kumtukana Meneja kwa zamu. Kule juu kuna jukwaa jembamba la chuma lenye bomba la kuegemea. Siku zote wifi alijizungushia kamba kiunoni. Siku hiyo aliizungusha kwenye bomba, mara moja, akafikiri, akaizungusha tena.

“Usiangalie chini,” aliniambia. “Angalia mgongo wangu tu.”

Kaka akapitisha miguu dirishani. Akashuka. Niliona kichwa chake, halafu mwanga wa pale bati lilipong'oka ukimwangukia mabegani, vumbi likielea. Alisimama juu ya ukoko kwa kunyata, akachoma mti mara moja. Wifi alikuwa akimwambia kwa sauti ndogo, “Rudi. Rudi. Rudi,” bila kuacha, na kaka hakusikia. Akachoma tena. Pakatoka sauti ya gunia zito linapochanika, na pale aliposimama hapakuwa na mtu.

Kamba ikakimbia. Sijui nieleze vipi. Ilipita mikononi mwangu ikiwa moto, bomba likalia, wifi akaburuzwa kwa magoti mpaka kifua chake kikagonga chuma. Hakuachia. Nilipiga kelele nikidhani ni mtu mwingine anayepiga. Ndani mahindi yalikuwa yakimiminika, yanavuma, na kamba imekaza kuelekea chini, haichezi hata kidogo. Hapo nilimhesabu kaka yangu kuwa maiti. Nasema kweli, nilianza kuwaza nitamwambiaje mama.

“Vuta!” wifi akanipigia ukelele. Tukavuta. Fundi akapanda, na dereva mmoja, na mwingine, tukavuta wote kwenye jukwaa lile jembamba mpaka likayumba. Kamba ilitoka kidogo kidogo. Ukaonekana mkono, kikaonekana kichwa cheupe kwa vumbi. Mahindi yalikuwa yamemfika kwapani yakasimama, kwa kuwa kamba haikumwacha ashuke zaidi. Tulimlaza kwenye chuma akakohoa, akatapika vumbi, akalia kama mtoto. Viganja vya wifi vilikuwa vimechunika nyama ikaonekana. Kutoka chini tulisikia mlio mwingine, wa mahindi kuanguka kwenye mtambo. Ukoko ulikuwa umevunjika. Meneja alilipa nusu iliyobaki bila kuchelewa hata kidogo.

Ungedhani mtu akishaponea hapo atatafuta kazi ya kuuza vocha. Wee! Kaka yangu alikaa nyumbani siku chache, akisikia mahindi yanamiminwa kwenye ungo anatoka nje. Baadaye hofu ikamtoka, zikabaki pesa. Akanunua mabati, akanunua milango, akawa anasimulia kwa majirani namna ukoko ulivyomkimbia. Wifi hakusimulia. Mikono yake ilipona lakini vidole havikukunjika vizuri tena, nikawa naenda kumfulia. Siku moja, mimi nikiwa kwenye karai, akaniambia jambo ambalo limenikaa mpaka leo.

“Wifi, mimi nilikuwa na neno moja tu la kumzuia Meneja. Bei ya kukataa. Sasa imelipwa. Si ya kukataa tena, ni bei ya kazi. Nimebaki na nini?”

“Taja kubwa zaidi,” nikasema.

“Atakubali. Na akikubali upesi ndiyo nitajua shimo ni kubwa. Nitazidi kutaja, atazidi kukubali.” Akaanza kutetemeka palepale juani.

Mvua zilipokaribia kwisha, kihenge cha kwanza kikaganda. Meneja alituma mtu nyumbani kwao: bei ni ile ile, Breki asijisumbue kutaja. Walikuja asubuhi wote wawili, kaka mbele anapiga mluzi, wifi nyuma amebeba kamba. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Nilisimama nikaacha gunia wazi.

Chini ya ngazi kaka alinyoosha mkono apokee kamba. Wifi hakumpa. Akajifunga yeye kiunoni, polepole kwa vile vidole vyake, mbele ya Meneja na madereva.

“Leo naingia mimi,” akasema. “Mimi mwepesi kuliko yeye, ukoko utanistahimili. Utaratibu uko palepale. Anayeshika kamba ndiye anayetaja bei. Baba watoto, kamba hii. Taja.”

Meneja alimpima kwa macho kutoka juu mpaka chini. “Kwangu ni mamoja,” akasema. “Mahindi yaanguke tu.”

Kaka akacheka. Alidhani ni utani wa mkewe. Lakini wifi alikuwa ameshaanza kupanda, anatetemeka kila kipago, na kaka akalazimika kumfuata maana mkia wa kamba ulikuwa mkononi mwake. Nikawaita, nikamwita kaka kwa jina alilopewa na mama, hakugeuka. Wakafika juu. Wifi akapitisha mguu mmoja dirishani, akapitisha wa pili, akakaa pale ukingoni na uvungu chini yake.

“Fuko!” Meneja akaita. “Malori yanangoja! Ile ile?”

Kaka alikuwa ameinama anatazama ndani. Yeye kazi yake ilikuwa kushuka, na anayeshuka hutazama anapoweka mguu. Nadhani hakuwahi kusimama pale juu na kutazama mtu mwingine akiingia.

“Siyo ile ile,” akajibu.

“Ongeza basi! Taja!”

Kaka alifungua mdomo. Hata kutoka chini niliona anajaribu. Akafungua tena. Wifi aliinua uso anamtazama, hamsaidii hata kwa neno.

“Taja, bwana!”

“Hakuna,” kaka akasema.

“Hakuna nini?”

“Hakuna bei! Haingii! Simwingizi mke wangu humo, hata ukinipa kiwanda!” Akamshika chini ya makwapa akamvuta nje kwa nguvu, wakaangukia jukwaani wote wawili, na kutoka pale chini nilimsikia kaka yangu akilia. Mimi nikakimbilia chini ya ngazi kuwapokea.

Meneja hakukasirika. Akatazama saa, akamwambia mlinzi, “Walete wale wengine.”

Tulikuwa tunaelekea getini, mimi nawasindikiza, kaka amemshika wifi mkono kama mgonjwa, tulipokutana nao. Walikuwa ndugu wawili, wanaume wazima, wamefanana mpaka masikio, na kamba mpya ya dukani bado ina karatasi yake. Wifi akasimama.

“Nani anashika kamba?” akawauliza.

“Mimi,” mkubwa akajibu.

“Umepanda kutazama?”

“Nitazame nini, dada? Bei tumeshaisikia mtaani.” Akaitaja, anatabasamu. Ilikuwa ile ile, bila kupungua hata senti. Wifi akawaambia yote: uvungu, kikohozi, mtambo, akawaonyesha viganja. Mdogo alisita kidogo. Mkubwa akamvuta mkono. “Wamefukuzwa, wanatuonea wivu,” akasema, wakapita.

“Twende nyumbani,” kaka akasema. “Mama watoto, twende. Tumetoka salama, basi.”

Wifi alisimama anawatazama wakifika kwenye ngazi. Yule mkubwa alikuwa akijizungushia kamba kiunoni, hajui hata bomba ni la nini. Akauachia mkono wa kaka, akarudi. Kwanza alipita kwa fundi akachukua ufunguo, kisha akaanza kupanda nyuma yao, kipago kwa kipago, na vile vidole visivyokunjika.

“Breki!” Meneja akamwita kutoka chini. “Na wewe unataka ngapi?”

Wifi hakugeuka.